Mwaka Niliolala Chumba Kimoja na Jomon

Nilikuwa nimebeba sufuria ya sombe, kisamvu chetu, kwa mikono miwili, natoka nayo jikoni kuipeleka ukumbini, nilipomwona Jomon amesimama mlangoni na koti jeusi lililombana tumbo. Asubuhi ile tulikuwa tumemzika Maman Béa kwenye makaburi ya Evere, na watu wote walikuwa wamehamia ukumbi wa parokia kule Schaerbeek kwa ajili ya matanga. Miaka kumi sikuwa nimemwona Mhindi huyu. Miaka kumi nilikuwa nimemwandalia maneno, makali kwelikweli, mengine ya Kifaransa na mengine ya Kiingereza, na sasa siku yenyewe imefika mimi nimeshika sufuria ya moto, siwezi hata kumnyooshea kidole. Alinisogelea, akashika mkono mmoja wa sufuria, tukaibeba wawili mpaka mezani kama tulivyokuwa tukibeba magoli ya chuma baada ya mazoezi. Kisha nikarudi jikoni kuleta bukari, ugali wetu.

Kabla sijaendelea niseme jambo moja. Mke wangu ni mtu wa Kigoma, na ndiye anayeninyooshea Kiswahili changu cha Lubumbashi nisije nikawachosha wasomaji. Nimemruhusu aguse maneno yangu yote, isipokuwa ya Maman. Ya Maman yabaki kama alivyoyasema. Na yale niliyoongea na Jomon tuliyaongea kwa Kiingereza, changu cha kuokoteza Zambia nilikochezea mpira, chake cha Kerala, kusini mwa India. Hapa nayaandika kwa Kiswahili.

Mwaka wenyewe ni msimu ule wa 2007 kwenda 2008. Nilikuja kwa viza ya majaribio katika timu ndogo ya pembezoni mwa Bruxelles, uwanja wenye jukwaa moja la mbao na kantini inayonuka bia na mafuta ya chipsi. Mahali pa kulala nilipata kwa Maman Béa, Evere, ghorofa ya tatu, kwa sababu moja tu: mwanawe wa pekee, Guylain, alikuwa rafiki yangu wa utotoni. Tulipokea komunyo ya kwanza siku moja. Guylain alikufa na miaka kumi na sita, malaria, huko Likasi alikopelekwa shule ya bweni. Siku tatu tu tangu aondoke nyumbani, wakamrudisha maiti. Maman alikuja Ulaya baada ya hapo. Alikuwa anasafisha ofisi karibu na Schuman, mtaa wa Umoja wa Ulaya, anatoka nyumbani alfajiri na basi la kwanza, anarudi saa tano akiwa na sandwichi zilizobaki kwenye mikutano ya wakubwa, zimefungwa vizuri kwenye karatasi. Jikoni kwake, juu ya redieta, ilitundikwa picha ya komunyo: mimi na Guylain, mashati meupe, kila mmoja na mshumaa wake, tumekunja nyuso kwa jua. Nyuma ya picha Maman alikuwa ameandika kwa kalamu ya bic majina yetu, jina la parokia na mwaka. Ilikuwa picha pekee ya mwanawe aliyokuwa nayo Ulaya. Kila akipita kwenda kwenye sinki aliigusa fremu kwa kidole, hata mkono ukiwa na unga.

Jomon alifika Septemba. Timu ilimwomba Maman amweke na huyu, mshambuliaji kutoka mbali. "Muhindi?" aliuliza. "Na atakula nini kwangu? Mi sijuwe kupika bintu vya Bahindi." Jioni ya kwanza alimwandalia sahani peke yake, na uma, na kisu, na kitambaa cha karatasi kilichokunjwa pembetatu. Kulikuwa na samaki wa mchuzi na muhogo wa kuchemsha wa kununua kwa Waturuki. Jomon aliutazama muhogo, akautazama tena. Akainuka, akaenda kwenye sinki, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akarudi, akausukuma uma pembeni, akamega muhogo kwa mkono wa kulia na kuuchovya kwenye mchuzi. "Kwetu pia," aliniambia. "Muhogo na samaki. Mama yangu anaupika hivi hivi." Nilipomtafsiria Maman, aliweka mwiko chini. "Angaliako," alisema. "Huyu ni mutoto ya kwetu. Bamemupoteza tu njiani." Kuanzia siku ile tulikula watatu kutoka sinia moja, na ule uma sikuuona tena mezani.

Lazima niseme alikuwa mchezaji gani, kwa kuwa miaka yote ile nilipomtukana sikuwahi kumtukana mpira wake. Hakuwa na mbio. Ukimwona anakimbia ungedhani amechelewa treni na ameshakata tamaa nayo. Lakini alijua mpira utakakoangukia, alijua kabla ya mpira wenyewe. Alijifunzia kwenye mashindano ya kijijini kwao, watu saba kwa saba, kwenye mashamba ya mpunga yaliyovunwa, ambako wenye timu huajiri hata Waafrika, na ndiyo maana hakunishangaa aliponiona. Baadaye akachukuliwa na timu ya shirika moja la reli. Huko kwao mchezaji hupewa kazi ya serikali apate kula, basi Jomon kwenye karatasi alikuwa karani wa tiketi, na hajawahi kumkatia tiketi mtu yeyote. Ilikuwa kazi ya maisha, yenye pensheni. Aliiacha aje Ulaya. Baba yake alikaa miezi miwili hasemi naye. "Nikirudi mikono mitupu," aliniambia, "sina reli, sina mpira, na baba alikuwa na haki."

Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, na katikati nafasi ya kupita mtu mmoja kwa ubavu. Dirisha lilitazama kituo cha basi. Kwenye redieta yetu zilianikwa soksi, bandeji, viatu, na kadi ya Bikira Maria ya Jomon ikiegemezwa juu. Jumapili moja ya Novemba mchana, mvua imevunja mechi, tumelala chali kila mtu kitandani kwake, aliniuliza bila kugeuka: "Una miaka mingapi?" Nikamwambia kumi na tisa. "Hiyo ya pasipoti," alisema. "Nauliza ile nyingine." Nilicheka mpaka Maman akagonga ukuta. Kwetu wachezaji wote tunajua kuna umri wa mpira na kuna umri wa mama. Wa mpira ndio unaompeleka mtu Ulaya. Huku wakisikia una ishirini na nne na hujacheza popote, hawakutazami mara mbili. Nikamwambia kweli: ishirini na nne, nimekata mitano. Naye akaniambia: pasipoti ishirini na moja, kweli ishirini na nne, aliyemkatia ni baba yake mwenyewe, siku ya kumwandikisha shule, kama walivyofanya nusu ya wazazi wa darasa lile. Tulikuwa rika moja, basi. Tulipeana mikono juu ya ile nafasi ya katikati, tukaapa siri haitoki chumbani. Sikumbuki kama kuna siku nyingine katika Bruxelles niliyojisikia nina ndugu kama siku ile.

Kocha wetu aliitwa Monsieur Willy, Mzungu mnene mwenye Kifaransa kilichochanganyika na Kiflama. Alitupanga mbele wawili, na ikawa kama tumezaliwa tumepangwa. Nilikuwa na mbio, Jomon alikuwa na macho. Nikikimbia kulia, beki ananifuata, mpira napiga bila kutazama, na Jomon yuko pale. Siku nyingine yeye anaudondosha kwa kichwa nami namalizia. Kufikia Machi tulikuwa tunaongoza mabao, mimi nikimzidi mawili, na watu wa jukwaa la mbao walikuwa wanatuita jina moja la kuchanganya majina yetu, jina baya, silirudii. Ndipo Willy akatuita kantini. Timu kubwa ya kule pwani inataka mshambuliaji wa msimu ujao. Wametutazama mara tatu, wanatupenda wote. Lakini kwa mchezaji asiye wa Ulaya wana nafasi moja. "Une seule," alisema, akainua kidole kimoja kinene. Mkataba ungekuja na karatasi za kukaa. Bila huo viza yangu inaisha Juni, na ya Jomon vilevile.

Tulirudi na basi. Chumbani Jomon alikaa kitandani akasema tukubaliane sasa hivi, kabla roho hazijaharibika. Atakayechukuliwa asijifiche, na atakayebaki asinune. Na atakayechukuliwa amwachie mwenzake viatu vyake vizuri, kwa kuwa huko pwani atapewa vingine. Miguu yetu ilikuwa saizi moja. Nilikubali kwa moyo wote, kwa sababu nilijua anayechukuliwa ni mimi. Mabao mawili zaidi, mbio, na kwenye pasipoti mimi ndiye kijana. Hata Maman alijua. Wiki ile niliacha mlango wa chumba wazi nikamsikia jikoni anaongea na dada yake wa Lubumbashi kwenye simu, kwa sauti ile ya chini ya mtu anayemenya kitu huku anaongea. "Huyu akienda, njo ataniacha vile vile. Guylain naye nilimuacha aende, haikukuwa mbali, Likasi. Siku tatu. Non, mi sitaweza tena. Bon, ngoja. Nitaona vile nitafanya." Nilifikiri anamlilia Guylain kama kawaida yake kila inapokaribia Pasaka. Nilimhurumia, nikaenda kumwoshea vyombo. Hata hakunitazama, akaniambia tu, "Aksanti, papa," yaani baba, kwa kuwa mama zetu wakimpenda sana mtoto ndivyo wanavyomwita.

Wiki mbili baadaye Willy aliniita peke yangu. Kantini ilikuwa tupu, viti vimepandishwa mezani. Hakuniangalia. "Ilunga," alisema, "wewe una vingt-quatre ans, ishirini na nne. Si dix-neuf." Nikamuuliza nani kasema. "Mtu anayekujua." Akaniambia hatapeleka habari kwa wakubwa wa mpira, hataki kuniharibia jina, ila jina langu limetoka kwa timu ya pwani na kwa timu yake pia. Nirudishe jezi. Nilitembea kwa miguu kutoka uwanjani mpaka Evere, sijui ilikuwa saa ngapi zile, na njia nzima nilikuwa nafanya hesabu moja. Katika Bruxelles nzima watu waliojua umri wangu ni wawili, Jomon na Maman. Maman sikumhesabu. Nani anamhesabu mama yake?

Nilipofika kitanda cha Jomon kilikuwa kitupu, shuka limevuliwa, kadi ya Bikira Maria haipo. Maman alikuwa anapiga deki jikoni, sakafu ambayo alishaipiga deki asubuhi. "Ameenda," alisema. "Bamekuja kumuchukua na gari." Nikamuuliza amesema nini. "Hajasema kintu." Chini ya kitanda changu nilivikuta vile viatu, vimesafishwa, kamba zimekunjwa ndani. Wallahi, ningemkuta mwenyewe ningemuua. Vilikuwa viatu vizuri kuliko vyangu vyote na niliviona kama tusi. Nilivibeba nikashuka ngazi, nikavitupa kwenye pipa la taka la jengo, nikapanda. Maman aliniona dirishani. Alinipakulia chakula. Nilikula kwenye sinia peke yangu, yeye amesimama mgongo kwenye redieta, na wala sikuona kwamba juu yake ukuta hauna picha. Niliona siku ya tatu. Aliniambia ameipeleka Lubumbashi kwa msafiri, waikuze.

Sasa jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Wiki iliyofuata nilipanda basi nikamwendea Willy. Nikamwambia: na Mhindi naye amekata miaka, mitatu, mwulizeni. Nilisema bila kutetemeka. Kiapo cha juu ya nafasi ya katikati ya vitanda nilikivunja nikiwa nimesimama, mikono mfukoni. Willy aliniuliza kama nina karatasi. Nikasema sina, aliniambia kwa mdomo. Akapandisha mabega. "Kwako karatasi ilikuwepo," alisema, akarudi kumimina bia. Karatasi gani, sikujiuliza. Nilifikiri wameandika barua Lubumbashi kuuliza. Mtu mwenye hasira hasikii anachoambiwa, anasikia tu kwamba amekataliwa.

Viza iliisha. Nilikaa kwa Maman miaka mitatu bila karatasi, natoka kwa uoga, narudi kwa uoga, namtegemea kwa kila kitu mpaka kadi ya basi. Alinitunza, siwezi kusema hakunitunza. Alinishonea, aliniombea, alinitafutia wakili kupitia parokia, na siku nilipopata kibali na baadaye kazi ya udereva wa basi alilia kuliko mimi. Kila mwaka aliniokea keki kwa umri wa pasipoti, anahesabu mishumaa mwenyewe mbele ya wageni, asikosee hata mmoja. Na mara ngapi mezani nilimtukana Jomon! Nilimfuatilia kwenye kompyuta ya maktaba kama mtu anayefuatilia adui: msimu mmoja pwani, mabao manne, goti likaenda; akarudi India; miaka ya taabu kwenye timu za benki na polisi; halafu ile ligi mpya ya kwao ikaja, yenye taa na wacheza sinema jukwaani, naye akawamo, mzito, mwenye mvi pembeni, bado anajua mpira utakakoangukia. Aliitwa timu ya taifa mara mbili tatu. Kila habari niliileta mezani kwa Maman, nikaitemea mate. "Mwizi yule, anacheza na miguu yangu." Na Maman alikuwa anasema nini? Alikuwa anasema, "Kula, papa, kula. Muache na Mungu wake." Mara moja tu, nilipozidi sana, alisema, "Ule Muhindi ni muntu mubaya," akainuka akaenda kufungua bomba la maji. Alifungua bomba akasimama pale, hakuosha chochote. Hilo nalikumbuka leo, wakati ule nililipita tu.

Basi turudi ukumbini. Jomon alikaa meza ya nyuma, nikaona aibu kumwacha peke yake mbele za watu, nikakaa mkabala naye na sahani ya bukari katikati yetu. Akanawa mikono kwenye beseni. "Nimefurahi kwamba alikwambia kabla hajafa," alisema. "Noeli iliyopita aliponiambia kwa simu kwamba umeshajua, nililala vizuri mara ya kwanza." Nikamuuliza aliniambia nini. Mkono wake ulikuwa umeshamega bukari, ukabaki hewani. Alinitazama, nikaona anaelewa kitu ambacho mimi bado sijakielewa, na nikaogopa. Akarudisha tonge kwenye sahani. Akatoa bahasha ndani ya koti.

Ilikuwa picha ya komunyo. Mimi na Guylain na mishumaa yetu, na nyuma yake mwandiko wa Maman, majina, parokia, mwaka. Mwaka ambao, kwa pasipoti yangu, nilikuwa na miaka mitano. "Siku ya kusaini," Jomon alisema, "Willy alikuwa nayo mezani, chini ya glasi. Aliniambia mama mmoja mwenye koti la kazi ya usafi ameileta mwenyewe, na hataki kutajwa. Niliijua. Si nilikuwa naitazama kila siku nikila?" Aliiomba, akairudisha nyumbani, akamkuta Maman jikoni. "Hakukataa. Alikaa chini sakafuni. Akaniambia, wewe nenda haraka leo leo, mimi nitamwambia mwenyewe. Picha akakataa kuipokea. Akasema ukiiona utauliza ilikuwa wapi." Wakati ule Kiswahili cha Jomon kilikuwa cha chakula na salamu, lakini alimwelewa, na tangu hapo kila Noeli alimpigia simu na kumuuliza swali moja. "Bado," Jomon alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya Maman hasa. "Miaka tisa, bado. Mwaka jana akasema ndiyo."

Kwa treni, kutoka Bruxelles mpaka ule mji wa pwani ni saa moja na nusu. Saa moja na nusu! Ningekuwa narudi kila Jumapili kula. Kwa ajili ya saa moja na nusu alinichukulia mpira, alinichukulia miaka mitatu ya kutembea barabarani bila woga, na juu ya hayo akaniachia mtu wa kumchukia ili nisiwe na nafasi ya kumtazama yeye. Nilifikiri hivyo kwa hasira, halafu nikakumbuka Likasi. Nako si mbali. Lakini kukumbuka hakukunipoza, na sitasema uongo hapa kwamba kulinipoza. Nilimwambia Jomon: "Na mimi nilikwenda kwa Willy. Nilimwambia umri wako." Alikuwa anafuta vidole. "Najua," alisema. "Alinipigia siku ileile, anacheka." Nikamuuliza hakukasirika? "Nilikasirika miaka miwili. Halafu goti likavunjika, nikawa na mambo mengine ya kukasirikia." Akaongeza kwamba naye hana usafi wa kujivunia: Willy alipomuuliza umri wake yeye, siku ya kusaini, picha yangu ikiwa pale mezani, aliapa kwa Bikira Maria kwamba ni ishirini na moja. Kisha akachukua kalamu.

Mzee aliyeshika maikrofoni akaita jina langu. Ni desturi yetu, mtoto wa nyumba lazima asimame atoe ushuhuda wa marehemu, na mtoto wa nyumba nilikuwa mimi. "Ilunga, kuya, papa. Kuya utuambie maman alikuwa nani." Nilikuwa na karatasi niliyoiandika siku mbili, sifa tupu, machozi yamepangwa mahali pake. Nilikwenda mbele na picha mkononi badala ya karatasi. Mama wa parokia walikuwa safu ya kwanza, walewale waliokula keki yangu mwezi wa sita, wale waliopiga makofi Maman alipowasha mishumaa thelathini. Picha kubwa ya Maman ilikuwa kwenye meza yenye maua, anacheka. Nilifungua mdomo kusema ameniuza. Neno lilikuwa tayari. Nikawaangalia wale mama, nikamwangalia yeye, na badala yake nikasema kwamba mimi na mwanawe Guylain tulipokea komunyo ya kwanza siku moja, hii hapa picha, tukiwa na miaka kumi kila mmoja, na kwamba leo nina trente-cinq ans, thelathini na mitano. Mama mmoja akasema taratibu, "Kumbe?" na mwenzake akamgusa goti anyamaze, wakidhani ni msiba umenivuruga. Nikaiegemeza picha ile kwenye picha kubwa, Guylain na mama yake, nikarudi mahali pangu.

"Umewaambia nini?" Jomon aliniuliza. Nikamwambia, umri wangu. Akatikisa kichwa kidogo, kama anavyotikisa mtu wa kwao, hujui ni ndiyo au hapana, akanisogezea sahani. Tulikula, kila mtu akimega upande wake, kisha mpaka ukapotea tukawa tunamega popote. Sombe waliipika mama wa parokia na haikuwa na chumvi ya kutosha. Nilikuwa na hasira na Maman, hasira ambayo hata leo sijui niipeleke wapi, kwa sababu aliyepaswa kuipokea nilikuwa nimemwagia udongo asubuhi ile, kwa mkono huohuo niliokuwa namegea bukari.